Kurusha ndege nyuki kwenye filamu ya wanyamapori: mwongozo kutoka Mwanza

Droni kwa Kiswahili tunaiita ndege nyuki, na mtu akiniuliza kazi hii inaanzia wapi, humwambia inaanzia kwenye hilo jina. Sisi tunasikia jina, mnyama anasikia nyuki. Tembo anawaogopa nyuki kweli kweli, na watu wa uhifadhi wanalijua hilo: kandokando ya hifadhi za Tarangire na Serengeti droni zimetumika kuwaondoa tembo mashambani, na utafiti wa kazi hiyo ukachapishwa mwaka 2017. Sasa mwongozaji akikuomba umsogelee tembo "kidogo tu, mita kumi", anakuomba umfukuze tembo mbele ya kamera. Ukimkubalia, picha utaipata, ila itakuwa picha ya makalio.

Wengi wetu hapa Mwanza tumejifunzia kwenye harusi na sendofu. Si shule mbaya. Lakini harusini ukikosea unarudia: bibi harusi anarudi garini, anashuka tena, anapunga tena mkono. Furukombe, yule tai mla samaki, akishampokonya mwenzake samaki, habari imekwisha. Ninayoandika hapa ni kwa anayejua kurusha tayari, na sasa ameitwa na kikosi cha filamu ya wanyama kuja kufanya kazi Ziwa Victoria, ama kwenye hifadhi za visiwa za Saanane na Rubondo, ama kwenye visiwa vidogo vya wavuvi.

Karatasi kabla ya betri

Droni Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kanuni zake ni za mwaka 2018. Unasajili chombo, kisha unaomba kibali cha kurusha kwa kazi husika, ukitaja eneo na tarehe. Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Filamu yenyewe inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na ukiingia hifadhini unahitaji ruhusa ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, ambao watakupa askari wa kuongozana nanyi. Msimwone askari huyo kama mzigo. Anajua kiboko yupi ana mtoto na mamba yupi hapendi boti, na hayo hayamo kwenye karatasi yoyote.

Mimi huanza maombi miezi miwili kabla. Vikosi vya kigeni mara nyingi hudhani kibali cha filamu kinabeba na droni ndani yake. Hakibebi. Waambie mapema, kwa maandishi, hata kama hawajauliza. Wakitaka kuja na droni yao toka nje, waeleze kwamba isiyo na kibali inaweza kuishia forodhani nao wakaendelea na safari bila hiyo. Hapo ndipo wewe mwenye chombo kilichosajiliwa unapokuwa na thamani.

Chapisha nakala za vibali vyote, zitie kwenye plastiki, ziwe mkobani. Kule visiwani simu huzima chaji, na mtendaji wa kijiji hawezi kusoma kibali kwenye kioo cheusi.

Uwanja wa ndege wa Mwanza upo Ilemela, pembeni kabisa mwa ziwa, na ndege zinapokuja kutua hupita chini juu ya maji. Usijidanganye kwamba ukiwa ziwani uko mbali na uwanja. Bandari, daraja la Kigongo–Busisi na chochote cha jeshi, usivielekezee kamera mpaka vimetajwa kwenye kibali chako. Na kama kibali kimeandika kimo fulani, hicho ndicho kimo chako, hata mwongozaji alie machozi.

Siku nzima bila kurusha

Siku ya kwanza mahali papya, droni ikae kwenye sanduku. Chukua darubini na daftari. Andika ndege wanatua wapi, wanatoka saa ngapi, jua linaangukia upande gani wa mwamba, boti za wavuvi zinapita wapi. Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na mwanga mzuri juu ya maji hauzidi saa moja na nusu baada ya hapo. Kisha ziwa linageuka bati.

Tafuta pia mahali pa kurushia. Pawe walau mita 100 kutoka kwa mnyama, na pasiwe upande ambao upepo unapeleka sauti kwake. Miamba yetu inafaa sana kama ni bapa. Ufukwe wa mchanga unahitaji turubai, hasa penye dagaa walioanikwa: upepo wa propela utawarushia akina mama mchanga kwenye dagaa wao, na siku yako ya kazi itakuwa imeisha kwa matusi unayostahili.

Ratiba ya upepo

Hapa nitakaa kidogo, maana droni nyingi zilizozama ziwani zilizamishwa na mtu asiyejua upepo wa siku unavyokwenda.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Alfajiri, basi, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda mambo yanageuka: kuanzia saa nne au saa tano upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na huzidi nguvu hadi alasiri. Ukirusha alfajiri kutoka ufukweni, droni inasukumwa mgongoni wakati wa kwenda. Unaona betri haishuki, unafurahi, unasonga mbele. Kurudi ni kupanda mlima. Nimeona droni ikitumia asilimia 20 kwenda na 45 kurudi umbali uleule.

Kwa hiyo kanuni yangu juu ya maji ni kurudi ikiwa imebaki asilimia 40, si 20 kama harusini. Na kabla ya kwenda kwenye picha, panda mita 30, ielekeze droni kwenye upepo, iendeshe dakika moja, uone inavyohangaika. Juu upepo ni mkali kuliko unaousikia usoni. Ukishindana nao, shuka. Karibu na maji huwa afadhali. Miezi ya Juni hadi Agosti kusi hukazana, na kuna siku hautapata zaidi ya saa moja ya kazi tangu alfajiri.

Jambo lingine ambalo waliotoka Dar es Salaam hulishangaa: ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani, propela zinazunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, na dakika zilizoandikwa kwenye boksi hazifiki. Mavic 3, droni ya kampuni ya DJI, imeandikiwa dakika 46. Hapa Mwanza, kwa kazi halisi, mimi napanga dakika 22 na nashukuru.

Mvua za radi za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri. Usitegemee programu ya simu peke yake. Wavuvi wakianza kukimbilia mwaloni, pale boti zinapotia nanga na kushusha samaki, wote kwa pamoja, funga sanduku.

Na wale wadudu wa ziwani. Ukiwa mbali utadhani kuna kisiwa kinaungua: nguzo nyeusi za moshi zinapanda kutoka majini na kupinda na upepo. Ni wadudu wadogo kwa mamilioni, na hutoka zaidi mwezi unapoandama. Kwa mbali ni picha ya ajabu, hasa mbayuwayu wakiingia humo kula. Ukipita katikati, lenzi inakuwa uji. Piga picha ukiwa upande unakotoka upepo, na uwe na kitambaa safi.

Kurusha na kupokea ukiwa ndani ya boti

Kazi yangu ya pili ya filamu, tulikuwa boti ndogo kati ya visiwa. Nikarusha, nahodha akazima injini ili fundi wa sauti arekodi ndege, nasi tukaanza kuelea taratibu. Droni ikapita nyuma ya mwamba, mawasiliano yakakatika, nayo ikafanya ilivyofundishwa: ikarudi pale ilipoanzia. Sisi hatukuwepo tena pale. Tulikuwa mita 200 mbele, tukaitazama ikishuka polepole, kwa nidhamu kabisa, ikatua katikati ya maji. Mwenye boti akaniuliza kama inaogelea.

Tangu siku ile nafuata mpangilio huu. Kwanza nabadilisha amri ya mawasiliano yakikatika: badala ya kurudi, iwe kuelea palepale. Pili, kila dakika chache nahamisha kituo cha kurudia kije ilipo rimoti. Tatu, nazima mfumo wa kukwepa vizuizi wakati wa kupokea, maana droni ikiona mkono wa mtu inakimbia, na ukiona inakimbia unaikimbilia, na mmoja wenu ataingia majini.

Boti ielekee upepo, mwendo mdogo sana, isizimwe kabisa. Simama nyuma. Msaidizi aishike droni juu ya kichwa, mbali na injini na mfuniko wowote wa chuma, kwa sababu chuma kinaivuruga dira. Urekebishaji wa dira fanya nchi kavu kabla ya kupanda. Ikishika nguvu, aiachie. Upepo utaisogeza nyuma, mbali na boti. Kupokea ni hivyohivyo: ije kutoka nyuma, pua ikiangalia upepo, iletwe juu ya mkono wa mpokeaji, aishike kwa chini, wewe uvute kijiti chini mpaka motor zizime. Mpokeaji avae miwani, glovu na mikono mirefu. Kanga, skafu na kamba za kofia zibaki nyumbani. Zoezi hili lifanyeni ufukweni mara 10 kabla ya kulifanya ziwani, na kila mtu ndani ya boti awe amevaa boya, pamoja na prodyusa anayesema anajua kuogelea.

Usishuke chini ya mita tatu au nne juu ya maji. Macho ya chini ya droni yanasoma sakafu, na maji yanayotikisika si sakafu. Inaweza kujishusha yenyewe huku kidole chako hakijagusa kitu.

Kumsogelea mnyama

Watafiti wa Ufaransa walifanya majaribio na bata na heroe, wakachapisha mwaka 2015. Walichokiona ni kwamba rangi ya droni wala kasi yake havikuwasumbua sana ndege; kilichowashtua ni kushukiwa kutoka juu moja kwa moja. Hata mtu wa mwaloni angekuambia: kinachokuja kutoka utosini ni mwewe. Kwa hiyo njoo kwa ubavu, kwa mstari mrefu ulioinama, usikate kona ghafla. Watafiti hao waliweza kufika mita nne mara nyingi, lakini wewe usiichukue namba hiyo kama ruhusa. Walikuwa wanapima, wewe unatafuta mnyama anayeendelea na shughuli zake.

Na mnyama kutulia si ushahidi kwamba ametulia. Mwaka huohuo wa 2015, Marekani, dubu waliofungwa vipima moyo walionekana mioyo ikidunda kwa kasi droni ilipopita, ingawa wengi wao hata hawakusogea. Tangu nisome habari hiyo, natazama vitu vidogo. Ndege anaacha kujichokonoa manyoya. Shingo zinanyooka zote upande mmoja. Swala anaacha kutafuna. Ukiona hivyo, simama, usirudi nyuma kwa pupa. Subiri, kisha ondoka kwa njia uliyojia.

Furukombe ndiye bwana wa anga hapa, na Rubondo wamejaa. Wakati wa kiota atakufuata. Akikujia, panda wima haraka uwezavyo, kwa kuwa yeye ni hodari wa kushuka, si wa kupanda wima, kisha hama eneo hilo kwa siku nzima. Mwewe wa Mwaloni Kirumba ni wahuni zaidi, wamezoea kunyang'anya. Pale sirushi kabisa wakati samaki wanashushwa.

Mnandi na yangeyange wanaotaga kwa makundi kwenye visiwa vya mawe ndio wanaonitia hofu kuliko mamba. Wakiinuka wote kwa mshtuko, mayai yanadondoka, na vifaranga vinabaki juani au kwa kenge anayesubiri chini. Nilishawahi kuwainua, kundi dogo, kwa sababu nilikubali kusogea "mara moja tu". Picha ilikuwa nzuri mno. Niliomba ifutwe, na tuligombana. Sasa wakati wa mayai nakaa mbali na lenzi ya kuvuta. Droni kama Mavic 3 Pro ina lenzi sawa na milimita 70 na nyingine 166, na hiyo ya kati ndiyo mkombozi wa kazi hii.

Kiboko majini huvumilia kelele kiasi, ila akiwa nchi kavu alfajiri akirudi ziwani, usikae kati yake na maji, hata kwa droni. Atakimbia, na mbele yake kunaweza kuwa na mama anachota maji. Nzohe wa Rubondo, yule swala wa kwenye matete, anajificha kwa kutulia. Toka juu unamwona vizuri kuliko kutoka boti, kwa hiyo kaa juu na mbali. Sokwe wa Rubondo ni uzao wa wale walioletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, na wanaishi ndani ya msitu mnene. Mwongozaji atakuomba sokwe kwa droni. Mwambie ukweli: utampa paa la msitu na ukungu wake, sokwe watapigwa na kameramani wa chini.

Saanane ni hifadhi ndogo iliyo ndani ya jiji, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na boti yake inaanzia Capri Point. Ina pimbi, swala pala, kenge na mijusi ya rangi mbili juu ya mawe. Udogo wake ndio mtego wake: hakuna mahali pa mnyama kukimbilia, na kila picha ya juu inaingiza mabati ya jiji nyuma. Ama uyakubali mabati yawe ndiyo habari yenyewe, ama upige kwa kuinamisha kamera chini.

Mipangilio, kwa ufupi

Waulize wanataka fremu ngapi. Wengi wa televisheni za Uingereza watasema 25 kwa sekunde. Kasi ya shata basi ni 1/50 ya sekunde, na kwa fremu 50 ni 1/100. Jua la ziwani halikuruhusu hivyo bila vichujio vya giza, beba seti nzima. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) ifunge kwenye namba moja, usiache kamera ijichagulie, vinginevyo maji yatabadilika rangi katikati ya picha. Rekodi kwa D-Log, picha iliyofifia inayosubiri kusahihishwa rangi baadaye, kama wana mtu wa kusahihisha rangi. Sauti ya droni haitatumika popote, lakini itaharibu rekodi ya fundi wa sauti aliye umbali wa nusu kilomita, kwa hiyo mgawane saa.

Mwaloni

Wavuvi wakisikia mlio angani, wazo la kwanza ni doria. Mwenye kokoro, wavu uliopigwa marufuku, ataanza kuvuta haraka, mwenye leseni iliyoisha atageuza boti, na wote watakuchukia. Fika jana yake bila droni. Salimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", mtafute mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, keti, eleza mnapiga ndege na mamba, si nyavu. Mwonyeshe kwenye simu picha ulizowahi kupiga. Acha vijana washike rimoti droni ikiwa imezimwa. Saa moja ya namna hiyo imenisaidia kuliko barua yoyote yenye mhuri.

Watu huoga ziwani jioni na asubuhi. Usirushe juu yao. Mbali na heshima, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ukitaka picha ya karabai za dagaa usiku, ambazo siku hizi nyingi ni taa za sola, panga siku za giza. Penye mbalamwezi hawatoki. Kurusha usiku kunahitaji kutajwa waziwazi kwenye kibali.

Malipo

Elewaneni kwa siku, si kwa picha. Siku ya kusubiri upepo ni siku ya kazi, ilipwe hata kama ni kwa kiwango cha chini. Andikeni droni ikizama kwa agizo la mwongozaji ni nani anailipa; ukilipuuza swali hili ufukweni utalijibu peke yako ziwani. Na uandike pia una haki ya kukataa kurusha kwa sababu ya mnyama, hali ya hewa au sheria, bila kukatwa.

Jioni

Nakili kadi mara mbili, kwenye diski mbili, zikae mifuko miwili tofauti. Usifute kadi mpaka mtu wa data wa kikosi aseme amefungua mafaili. Futa magamba ya dagaa na wadudu kwenye motor kwa brashi kavu. Betri ambazo hazitatumika kesho ziache kwenye asilimia 50 hadi 60. Mkirudi kwa ndege, ziingie kwenye begi la mkononi. Ya Mavic 3 ni wati-saa 77, chini ya kikomo cha 100.

Kisha hesabu propela za akiba. Mimi hubeba seti nne. Tatu ni zangu, ya nne ni ya yule mwenzetu ambaye kila safari huwa amesahau zake.